Elieth Aliyeogopa Kufurahi

Kila siku alasiri basi la shule lilimshusha Elieth karibu na maduka makubwa ya Wheaton, naye alitembea haraka hadi kwenye jengo lao la matofali, ameinamisha kichwa kwa sababu ya upepo. Alipanda ngazi, akafungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akavua viatu na kunawa mikono. Kisha alisimama kidogo kwenye ujia na kusikiliza. Aliposikia mama yake anakohoa, au anageuza ukurasa wa gazeti, ndipo alipoingia sebuleni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umeshindaje?”

Elieth alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake, Cosmas na Adela, walitoka Songea, nchini Tanzania, wakaja Marekani yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Baba yake alikuwa mpishi katika bwalo la wanafunzi wa chuo kikuu kule College Park. Mama yake aliwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia huko Rockville. Lakini tangu Oktoba mwaka ule wa 1997 mama hakwenda kazini. Alikuwa mjamzito, na daktari alimwamuru alale kwa ubavu, asiinuke ila kwenda msalani. Baba alikileta kitanda sebuleni, karibu na dirisha linalotazama maegesho ya magari, na hapo mama alilala kutwa nzima akiangalia magari ya majirani yakitoka na kurudi.

Elieth alimpashia moto supu aliyoiacha baba, akambadilishia maji ya kunywa, akamnyooshea mito. Kazi zote hizo alizifanya vizuri bila kuambiwa. Jambo moja tu hakulifanya. Hakulitazama tumbo la mama yake. Alipomfunika shuka alitazama ukutani.

“Njoo uguse,” mama alimwambia siku moja. “Leo anacheza sana.”

Elieth alijibu kwa Kiingereza kwamba ana kazi nyingi za shule. Mama aliurudisha mkono wake chini ya shuka, akageukia dirishani.

Haikuwa hivyo zamani. Mwaka uliotangulia mama alikuwa na mimba nyingine, na Elieth alifurahi kupita kiasi. Kila jioni aliweka mdomo kwenye tumbo na kuimba. Alisimulia mambo ya shuleni, akauliza maswali na kujijibu mwenyewe kwa sauti ya kitoto, mpaka baba akacheka na machozi yakamtoka. Walikuwa wamekwisha kumpa mtoto jina, Isack. Baba alinunua kitanda kidogo cha mbao na Elieth akakipaka rangi ya njano. Siku moja mwalimu wao aliwauliza wanafunzi habari za nyumbani, naye Elieth akasimama mbele ya darasa akatangaza kwamba anapata mdogo wake wa kiume. Wanafunzi walimpigia makofi. Aliporudi nyumbani siku hiyo hiyo hakumkuta mtu. Mama alikuwa hospitali, na Isack alizaliwa akiwa amekwisha kufa.

Walimzika katika jeneza jeupe ambalo baba alilibeba peke yake mikononi. Walipotoka makaburini baba alikifungua kile kitanda cha njano, akachukua mbao zake akazitupa kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya jengo. Elieth alimwona kupitia dirishani. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyelitaja jina la Isack katika nyumba ile.

Kwa hiyo mimba hii mpya ilipokuja, hawakununua chochote na hawakuchagua jina. Baba akimuuliza mama hali yake alisema, “Mgongo unaendeleaje?” kana kwamba mama anaumwa mgongo. Na Elieth alikuwa na siri yake, ambayo hakumwambia mtu yeyote. Aliamini kwamba yeye ndiye aliyemwua Isack kwa kufurahi mapema. Alikuwa ametangaza mbele ya darasa, na siku hiyo hiyo Isack akafa. Safari hii alikusudia kutofanya kosa. Alikataa kuimba katika tamasha la shule. Nyumbani hakucheka. Alilala na kuamka akiwa amejikaza kama mtu aliyebeba kitu kizito kichwani na kuogopa kukiangusha.

Kipindi cha Majilio, majuma manne ya kungoja Noeli, kikafika. Kwa kuwa mama hakuweza kuachwa peke yake, Jumapili baba alibaki naye, na Elieth alikwenda kanisani na Anti Aketch. Huyu alikuwa jirani yao wa ghorofa ya chini, mama wa Kijaluo kutoka Kisumu, muuguzi ambaye pia aliwafundisha watoto dini katika parokia. Mara moja kwa mwezi parokia ilikuwa na misa ya Kiswahili, wakakusanyika Watanzania, Wakenya na Wakongo, kila mmoja na lafudhi yake. Mwezi ule misa hiyo iliangukia Dominika ya tatu ya Majilio.

Mbele ya altare palikuwa na shada la matawi mabichi lenye mishumaa minne. Mitatu ilikuwa ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi. Anti Aketch alikuwa amewafundisha watoto kwamba zambarau ni rangi ya kungoja na kutubu, na waridi ni rangi ya furaha, kwa sababu katika Dominika ya tatu Kanisa linawataka watu wafurahi hata kabla Noeli haijafika. Alimchagua Elieth auwashe mshumaa huo. Elieth alitaka kukataa, lakini hakupata sababu ya kusema.

Wakati ulipofika alikwenda mbele akiwa na njiti ndefu inayowaka. Aliwasha wa kwanza, akawasha wa pili. Alipoufikia ule wa waridi mkono ulisimama. Kanisa zima lilimngoja. Njiti iliendelea kuungua ikamkaribia vidole. Elieth aliizima kwa pumzi, akaiweka juu ya altare, akashuka akatoka kwa mlango wa pembeni. Nyuma yake alisikia watu wakinong’ona, kisha kwaya ikaanza wimbo ili kuficha aibu.

Anti Aketch alimkuta katika ukumbi wa chini ya kanisa, amekaa sakafuni katikati ya viti vilivyokunjwa. Alikunjua kiti kimoja, akaketi, akavua viatu vyake vya kisigino akavisogeza kando. Hakumgombeza. Alimngoja mpaka Elieth mwenyewe akaanza.

“Nikifurahi atakufa,” alisema. “Kama Isack.”

Kisha akamweleza yote. Anti Aketch hakucheka, wala hakumwambia kwamba huo ni upuuzi. Alisema kwamba amefanya kazi katika wodi za wazazi miaka mingi, ameona watoto wakiishi na ameona wakifa, na hajaona hata mmoja aliyedhurika kwa sababu dada yake alimpenda. Elieth alimsikiliza lakini hakuamini. Anti Aketch hakuwako darasani siku ile.

“Ninaona sijakusaidia,” alisema Anti Aketch. “Sasa kuja tuseme ukweli. Hii maneno ni ya kumwambia mama yako, si mimi.”

“Daktari alisema asisumbuliwe.”

“Tayari anasumbuka. Unajua aliniambia nini wiki jana? Aliniambia, Elieth hamtaki huyu mtoto. Akalia.”

Elieth hakuwa amelifikiria hilo. Alitazama miguu ya Anti Aketch katika soksi.

Aliahidi kusema, lakini hakusema. Jumapili ile baba alikuwapo. Jumatatu mama alikuwa amelala. Jumanne Elieth alirudi kutoka shule, akavua viatu, akasimama kwenye ujia na kusikiliza, na hakusikia kitu. Alingoja. Bado hakusikia kitu. Alipoingia alimkuta mama yake macho wazi, mikono yote miwili imelikamata tumbo, anatazama dari.

“Tangu asubuhi hajacheza,” alisema mama kwa sauti ndogo. “Nimesema labda amelala. Nimegeuka huku na huku. Hajacheza.”

Elieth alipiga simu kazini kwa baba yake, akaambiwa kwamba baba atapewa ujumbe. Akampigia Anti Aketch, naye akamwambia aite gari la wagonjwa mara moja. Elieth aliita, akataja jina la mtaa na namba ya mlango bila kukosea. Alimvalisha mama soksi. Majirani walisimama milangoni wakati wahudumu wanamteremsha mama kwa machela. Anti Aketch alifika mbio akiwa na sare zake za kazi, akampakia Elieth kwenye gari lake, wakafuata.

Hospitali waliusikia moyo wa mtoto. Ulikuwa unapiga, lakini polepole kuliko unavyotakiwa. Daktari alieleza kwamba mama hatarudi nyumbani mpaka ajifungue. Moyo ukizidi kudhoofika watamtoa mtoto kwa upasuaji, ingawa miezi haijatimia. Anti Aketch alimuuliza kama mtoto atapona, naye akajibu kwamba hawezi kuahidi.

Anti Aketch alitoka kwenda kuzungumza na wauguzi, na Elieth akabaki na mama yake. Mashine iliyokuwa kando ya kitanda ilitoa mlio wa moyo wa mtoto, mlio mmoja, kimya, mlio mwingine. Kila kimya kilikuwa kirefu. Elieth alisimama miguuni pa kitanda akiwa bado na koti lake, na kitu alichokuwa amekizuia mwaka mzima kikamtoka.

“Sikufurahi,” alisema. “Safari hii sikufurahi hata kidogo. Sikuimba. Sikumgusa. Sikumwambia mtu yeyote shuleni. Na bado anakufa.”

Mama yake hakuelewa mara moja. Alimwita karibu, akamuuliza taratibu, na Elieth akaeleza habari ya darasani, makofi ya wanafunzi na nyumba aliyoikuta tupu. Alieleza huku akilia mpaka maneno yakakatika. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Alipoanza kusema, naye alikuwa analia, lakini sauti yake haikutetemeka.

“Elieth, nisikilize. Isack hakuliona jua. Hakula chakula, hakuvaa nguo, hakubebwa na mtu akiwa hai isipokuwa mimi. Umewahi kujiuliza alipata nini katika dunia hii?”

Elieth alitikisa kichwa.

“Alipata sauti yako. Kila jioni uliimba, na mimi nilimsikia anageuka kukutafuta. Hicho ndicho alichopata, na hakupata kingine. Sasa unataka kuniambia ilikuwa kosa? Ungenyamaza, angekufa vilevile, kwa sababu daktari aliuona ugonjwa uliomwua, ulikuwa kwenye kitovu. Angekufa vilevile, tena bila kuimbiwa.”

Mlangoni kulikuwa na mtu. Baba alikuwa amefika, aproni ya jikoni bado inaonekana chini ya koti, na hawakujua amesimama hapo tangu lini. Aliingia akaketi kwenye kiti, akafunika uso kwa mikono.

“Isack,” alisema. Alilisema jina hilo kama mtu anayejaribu kuongea baada ya kuugua koo. Kisha akawaambia kwamba kitanda cha njano alikitupa ili mama asikione, na kwamba tangu hapo amekuwa akifanya lilelile analofanya Elieth. Alikuwa anamngoja mtoto huyu huku amefumba macho, ili kama akifa asiwe amemwona.

Mama alifunua shuka. Aliuchukua mkono wa Elieth akauweka juu ya tumbo. Lilikuwa gumu na la moto. Hakuna kilichocheza. Elieth alitaka kuutoa mkono, lakini mama aliushika palepale.

“Mwambie chochote,” alisema mama.

Elieth alifikiri. Kisha akamwambia mtoto kwamba dereva wa basi lao la shule amevaa kofia nyekundu ya Noeli tangu wiki iliyopita, na inamwangukia machoni kila anapokata kona. Mtoto hakusogea. Elieth aliendelea. Alimwambia juu ya supu ya baba inayozidi chumvi, na juu ya majirani. Mashine ililia, ikanyamaza, ikalia. Mtoto hakusogea hata mara moja jioni ile, na Elieth aliendelea mpaka muuguzi alipokuja kusema muda wa wageni umekwisha.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Asubuhi waliamka wakiomba simu isilie, na waliporudi hospitali walitazama kwanza uso wa muuguzi kabla ya kuuliza. Siku moja moyo wa mtoto uliongezeka nguvu, siku iliyofuata ukashuka tena. Hakuna aliyekuwa na uhakika wa chochote. Hata hivyo kila alasiri Elieth alikaa kando ya kitanda, akaweka mkono, akasimulia. Mara nyingine aliimba kwa sauti ya chini ili asimsumbue mgonjwa wa kitanda cha pili. Hofu haikumtoka. Aligundua tu kwamba anaweza kuogopa na kufurahi kwa wakati mmoja, na kwamba akiwa anaimba hofu haikui.

Jumamosi baba alimpeleka kwenye maduka ya Wheaton. Palikuwa pamejaa watu na muziki wa sikukuu. Waliingia duka la nguo za watoto, na baba alisimama mbele ya rafu muda mrefu, mikono mifukoni, kama mtu aliyesahau alichokuja kununua. Watu walimpita huku na huku.

“Baba,” alisema Elieth, “tusiponunua hatakuwa na kitu.”

“Na tukinunua halafu?”

“Atakuwa nacho kidogo.”

Baba alimtazama. Kisha alitoa mkono mfukoni akachagua kofia ya sufi ya rangi ya machungwa, ndogo kiasi kwamba ilimtosha Elieth kwenye ngumi. Elieth alichagua blanketi. Wakiwa njiani kurudi baba aliishika kofia ile mkononi, hakuiweka kwenye mfuko.

Jumatatu mchana moyo wa mtoto ulishuka sana, na madaktari wakampeleka mama kwenye upasuaji. Baba, Elieth na Anti Aketch walingoja kwenye ujia. Baba alianza rozari akasahau yuko fumbo gani, akaanza upya, akasahau tena. Elieth alilia kimya kimya begani kwa Anti Aketch. Mara mlango ulifunguliwa, akatoka daktari akiwa bado na kofia ya kazi. Mama yuko salama, alisema. Mtoto ni wa kike na anapumua, kwa msaada wa mashine.

Elieth alimwona kesho yake, katika kisanduku cha kioo chenye joto. Alikuwa mwekundu, amekunjamana, na mikono yake ilikuwa myembamba kama vidole vya mtu mzima. Mirija ilimwingia puani. Muuguzi aliuliza jina la kuandika kwenye kadi, nao wakatazamana, maana hawakuwa wamechagua. Baba akasema mtoto aitwe Sikujua, jina la mama yake mzazi kule Songea.

Walisali Noeli hospitali, mama akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Daktari alikuwa bado hajaahidi kitu. Elieth aliingiza mkono kwenye tundu la kisanduku, akamgusa mdogo wake kiganjani, akamwimbia. Kofia ya machungwa ilikuwa kubwa mno, ikamfunika hadi machoni.

Januari yote ilipita hivyo. Sikujua aliongezeka uzito, akaugua mapafu, akapungua, akaongezeka tena. Mwanzoni mwa Februari alipumua bila mashine, na siku moja yenye theluji nyembamba wakamleta nyumbani. Anti Aketch alikuwa amewapikia pilau. Baba alimbeba mtoto kutoka garini mpaka juu akihesabu ngazi kwa hofu ya kujikwaa, akamlaza kitandani kwa mama, akashusha pumzi ndefu.

“Haya,” alisema. “Sasa ndiyo tufurahi.”

Mama alitikisa kichwa. “Kufurahi tulikwisha kuanza, Baba Elieth. Leo tupumzike.”

Alimvuta Elieth akae kando yake. “Mwanangu, sikiliza na usisahau,” alisema. “Kule hospitali nilipokusikia unamsimulia habari za dereva wa basi, sikujua kama mtoto ataishi. Wewe pia hukujua. Lakini kwangu ile ndiyo ilikuwa Majilio. Tunapomngoja mtu tunayempenda, hatuwekewi ahadi kwamba mambo yatakwenda tutakavyo. Ukizuia furaha mpaka uwe na hakika, utaizuia maisha yako yote, na yule unayemngoja atakosa kilicho chake. Tena, jambo likikutisha, usilifungie moyoni peke yako. Uliliweka mwaka mzima, likakudanganya mwaka mzima. Uliposema, tulilibeba watatu.”

“Wanne,” alisema Anti Aketch kutoka jikoni.

Sikujua aliamka akaanza kulia, kilio chembamba lakini chenye hasira. Elieth aliinuka akaenda kunawa mikono, kisha akarudi akamchukua.